Mashine ya kutambua saratani ya ngozi imesomea ngozi ya nani?

Muuguzi anayefunga vidonda katika hospitali ya wilaya, iwe Tukuyu, Makambako au Vwawa, si mara nyingi anapokea mtu aliyekuja kulalamikia kidoa cha kahawia kilichoanza kubadilika rangi. Anapokea kidonda cha mguu ambacho mwenyewe amekizoea kwa miaka. Anapokea kovu la moto la utotoni lililofumuka upya pembeni. Anapokea mtu mwenye ualbino aliye na gamba juu ya sikio, linalobanduka na kurudi. Anapokea pia mtu aliyetumwa kutoka CTC, kliniki ya watu wenye VVU, akiwa na mabaka meusi yanayoelekea zambarau kwenye miguu. Baadhi ya hao wana saratani na wengi hawana. Kazi ngumu ni kujua ni yupi, na kumjua mapema.

Ninaanza na chumba hicho kwa sababu mjadala wa akili mnemba na saratani ya ngozi karibu wote unafanyika mbali nacho. Zipo programu za simu zinazodai kusoma picha na kutenganisha uvimbe usio na madhara na ule wa saratani, na swali linalorudiwa kila zinapotajwa ni kama mashine inamzidi daktari bingwa. Kwetu Nyanda za Juu Kusini hilo si swali la kwanza. La kwanza ni mashine hiyo imejifunza kwa ngozi ya nani, na imefundishwa saratani zipi. Naamini teknolojia hii inaweza kutufaa, tena sana. Ila haitatufaa kwa namna inayotangazwa sasa, ya kila mtu kujipima kwa simu yake. Itatufaa ndani ya vyumba vichache ambako saratani ipo kweli, ikiwa imefundishwa kwa picha za wagonjwa wetu zenye majibu ya maabara.

Tuangalie kwanza kazi yenyewe inavyofanyika. Mwaka 1985 madaktari wa Chuo Kikuu cha New York waliwapa wenzao kanuni rahisi ya kushuku melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi: doa lisilolingana pande zake, lenye kingo zilizochongoka, lenye rangi zaidi ya moja, na lenye kipenyo kinachozidi milimita 6. Baadaye, mwaka 2004, likaongezwa sharti la tano, kwamba doa linabadilika kadiri siku zinavyokwenda. Kanuni hiyo iliwapendeza watu wa kompyuta kwa sababu inapimika. Picha ni jedwali la pikseli, yaani nukta ndogo za rangi, na kila pikseli ni tarakimu. Programu za awali zilitafuta mpaka kati ya doa na ngozi nzima, zikalikunja doa katikati kuona kama nusu mbili zinalingana, zikapima mikunjo ya kingo, zikahesabu tofauti za rangi. Mtu ndiye aliyeiambia kompyuta itazame nini.

Mitandao ya nyuroni bandia ilibadilisha utaratibu huo. Hapa hakuna anayeiambia mashine itazame kingo au rangi. Inapewa maelfu ya picha pamoja na majibu yake, nayo inatafuta yenyewe kinachotofautisha kundi moja na jingine. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza kwamba mtandao wao, uliofundishwa kwa picha 129,450 za magonjwa zaidi ya 2,000 ya ngozi, umefikia kiwango cha madaktari bingwa 21 katika kutambua saratani kwenye picha. Ilikuwa kazi kubwa na inastahili sifa yake. Lakini mashine ya namna hiyo haiwezi kujua kisichokuwamo katika picha ilizopewa, na hapo ndipo sisi wa Mbeya tunapopaswa kusogeza kiti karibu na kusoma kwa makini.

Mkusanyiko wa picha uliotumika sana duniani kufundishia mashine hizi unaitwa HAM10000. Ulitolewa mwaka 2018 ukiwa na picha 10,015, zilizopigwa kwa dematoskopu, yaani lenzi maalumu ya kutazamia ngozi, huko Vienna nchini Austria na jimbo la Queensland nchini Australia. Picha 6,705 kati ya hizo, theluthi mbili nzima, ni za vidoa vya kawaida visivyo na madhara. Melanoma ni 1,113. Makundi yote ni saba. Nimeyapitia moja moja nikitafuta saratani ya Kaposi, ile inayoleta mabaka kama ya yule mgonjwa wa CTC: haimo. Nikatafuta saratani ya seli bapa, yaani seli za tabaka la juu la ngozi, iliyokwisha kuchimba ngozi kutoka kwenye kovu la moto au kidonda cha miaka: haina kundi lake, kilicho karibu ni hatua zake za mwanzo kabisa, ambapo ugonjwa bado uko kwenye tabaka la juu la ngozi.

Maana yake ni nzito. Mashine iliyofundishwa makundi saba itachagua moja kati ya hayo saba hata ukiionyesha ugonjwa wa nane. Ni sawa na mwanafunzi aliyepewa swali la kuchagua ambalo jibu sahihi halimo kwenye karatasi: atazungushia herufi fulani tu, na kwa nje karatasi yake itaonekana imejazwa vizuri. Ukiielekezea baka la Kaposi huenda ikakuambia ni tatizo la mishipa ya damu lisilo na madhara, na pembeni ikakuandikia asilimia kubwa ya uhakika.

Kwa sehemu yetu ya nchi hili si jambo la pembeni. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 ulionyesha kiwango cha maambukizi kwa watu wazima kitaifa ni asilimia 4.4, lakini Njombe ni asilimia 12.7, na Iringa na Mbeya zinaifuata kwa karibu. Saratani ya Kaposi huletwa na kirusi kingine, HHV-8, ambacho hupata nafasi kinga ya mwili ikishuka. Dawa za kufubaza VVU zimeipunguza sana, na hilo ni moja ya mafanikio makubwa ya hospitali zetu, lakini haijaisha. Kwenye ngozi nyeusi haionekani kama ile ya vitabuni yenye wekundu wa divai. Inakuja kahawia iliyokolea au nyeusi, mara nyingi miguuni, na wakati mwingine ndani ya kinywa ambako hakuna anayepiga picha.

Na rangi ya ngozi yenyewe? Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet Digital Health yalikusanya hazina 21 za picha za ngozi zilizo wazi kwa watafiti wote, zenye jumla ya picha 106,950. Ni picha 2,436 tu zilizokuwa na maelezo ya rangi ya ngozi ya mgonjwa. Kati ya hizo, picha 10 zilikuwa za ngozi ya kahawia, na picha 1, moja tu, ilikuwa ya ngozi ya kahawia iliyokolea au nyeusi. Zile zilizotaja asili ya mgonjwa hazikuwa na hata moja iliyoandikwa kuwa ya Mwafrika. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford wakatoa mkusanyiko wa picha 656 za watu wa rangi mbalimbali, zote zikiwa zimethibitishwa maabara, wakazipa mashine zilizokuwa zikisifiwa. Uwezo wa mashine hizo ulishuka, na ulishuka zaidi kwenye ngozi nyeusi.

Kuna anayejibu kwamba mtu mweusi hapati melanoma mara nyingi, kwa hiyo hasara ni ndogo. Ni kweli ni nadra kuliko kwa Wazungu. Lakini ikimpata humjia mahali pengine: kwenye unyayo, kiganja, au chini ya kucha. Bob Marley alifariki Mei 11, 1981 akiwa na miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu na awali ikadhaniwa ni jeraha la mpira. Mkulima wa mpunga wa Kyela au Mbarali anayeshinda pekupeku kwenye matope ana sababu nyingi za kuwa na doa jeusi unyayoni: mwiba, damu iliyovilia, sugu. Ndiyo sababu doa hilo halitazamwi, na ndiyo sababu mashine iliyozoea migongo na mikono ya watu wa Vienna haitamsaidia.

Kwa watu wenye ualbino hali ni nyingine kabisa, na hapa nina uchungu zaidi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni mtu 1 kati ya 1,400. Saratani inayowaua wengi wao ni ya seli bapa, kwenye uso, masikio, shingo na mikono, na karibu yote inaletwa na jua. Baridi ya Mbeya inadanganya. Mtu anavaa sweta asubuhi Uyole akidhani jua la huku ni pole, kumbe Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta. Ngozi haisikii joto lakini inaungua. Mafuta ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu hawa, kofia pana na mikono mirefu yanazuia mengi, na hakuna programu itakayochukua nafasi yake. Lakini ngozi hiyo inayoitwa nyeupe si ngozi ya Mzungu wa Queensland. Imejaa madoa ya jua, magamba na vidonda vidogo vya miaka, na mashine isiyowahi kuiona inaweza kushuku kila kitu, au isishuku chochote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijaliona likizungumzwa huku kwetu: dawa ya GV, ile ya zambarau ya kupaka vidonda. Mwaka 2019 madaktari wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha jaribio ambalo kila hospitali inayofikiria kununua mashine hizi ingepaswa kulisoma. Walichukua vidoa visivyo na saratani, wakavipiga picha vikiwa vitupu, kisha wakavipiga tena vikiwa vimezungushiwa wino wa upasuaji wenye rangi ya zambarau. Vikiwa vitupu, mashine ilivitambua kuwa salama kwa asilimia 84. Vikiwa na wino, ikashuka hadi asilimia 46 hivi. Daktari huzungushia wino doa analolishuku, na yaelekea picha za mafunzo zilikuwa na wino kwenye melanoma, hivyo mashine ikajifunza wino. Watafiti wengine waliwahi kugundua vivyo hivyo kuhusu rula: picha yenye rula pembeni ilielekea kusomwa kama saratani, kwa kuwa madaktari huweka rula kwenye doa linalowatia shaka.

Wino ule wa upasuaji ni jentiani vayoleti, GV ileile inayopakwa kwenye kila kidonda kuanzia zahanati ya kijiji hadi nyumbani kwa bibi. Ngapi kati ya picha zitakazopigwa Mbalizi au Ilula zitakuwa na zambarau hiyo? Na ambazo hazina GV zitakuwa na majivu, majani yaliyopondwa, unga wa kapsuli uliomwagwa juu ya kidonda. Sidhani kama ipo mashine ya Ulaya iliyofundishwa kuvitambua vitu hivyo.

Simu zenyewe zina yake. Simu nyingi zinazouzwa Mwanjelwa hulainisha ngozi kwenye picha bila kuulizwa, ili mtu apendeze, na kinacholainishwa ndicho mashine inachokihitaji. Ukituma picha kwa WhatsApp inabanwa na kupoteza chembe zake. Flashi ikipiga ngozi nyeusi inayong'aa inaacha doa jeupe katikati, na wekundu wa uvimbe, ambao kwenye ngozi nyeupe huonekana waziwazi, kwenye yetu hujificha ndani ya kahawia. Hayo yote yanarekebishika kwa maelekezo mazuri na mwanga wa dirishani. Nayataja kwa sababu anayetangaza programu hayataji.

Tuchukulie basi kwamba tumepata mashine nzuri, iliyofundishwa vizuri, inayokamata saratani 9 kati ya 10 na kuwaachia huru wazima 9 kati ya 10. Iweke kwenye simu za watu wote. Chukua mfano wa watu 10,000 waliojipiga picha ya doa lolote, na tuseme 10 kati yao wana saratani kweli. Mashine itawakamata 9, na pamoja nao itawaambia watu 999 wasio na kitu kwamba wana dalili ya saratani. Hao 1,008 wote watapanda bajaji na daladala kwenda hospitali ya rufaa wakiwa wamekosa usingizi, na watakutana na daktari wa ngozi mmoja au wawili. Foleni hiyo ndiyo itakayomficha mgonjwa wa kweli.

Ichukue mashine hiyohiyo, usiiongezee chochote, uiweke kwenye chumba cha kufungia vidonda. Chukua watu 100 wenye kidonda kisichopona kwa miezi, na tuseme 10 wana saratani. Itakamata 9, na itawashuku bure 9. Vinyama 18, yaani vipande vidogo vya kupimwa maabara, vinakatwa, 9 vinakuwa na ugonjwa. Kwa kazi ya maabara hiyo ni hesabu inayobebeka. Kilichobadilika ni chumba tu.

Ndiyo sababu nasema vyumba vitatu: cha vidonda, CTC, na kliniki ya watu wenye ualbino. Humo ndimo shaka ina msingi kabla ya picha kupigwa. Humo pia kuna muuguzi anayemjua mgonjwa na anayemwona tena, na hilo lina thamani kwa sababu mabadiliko ya kidonda ndani ya miezi mitatu yanasema zaidi kuliko picha moja. Daktari mpasuaji wa Ufaransa, Jean-Nicolas Marjolin, alieleza vidonda vya kovu la namna hii mwaka 1828, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Huwa vinachukua miaka mingi kugeuka, mara nyingi makumi ya miaka tangu moto ulipounguza. Nyumba zetu za nyanda za juu zinaota moto wa mafiga na jiko la mkaa miezi ya Juni na Julai, watoto wanaungua, na makovu hayo yanazeeka nao. Picha ya kila mwezi ya kovu lililofumuka, ikilinganishwa na mashine isiyochoka, inaweza kumshtua muuguzi aliyezoea kulifunga kila wiki hadi halioni tena.

Lakini mashine hiyo isipewe ruhusa ya kusema "nenda nyumbani". Katika ule mfano wa watu 100 kuna mmoja aliyeponyoka, na huyo ana saratani. Iruhusiwe kusema "huyu apelekwe akakatwe kinyama", na ikinyamaza, uamuzi ubaki kwa mtu kama ulivyokuwa. Najua hilo linapunguza mvuto wake kwa wauzaji. Saratani ya seli bapa ikiwa ndogo hukatwa kwa ganzi ya mahali pamoja na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ikichelewa inakula mfupa, na mgonjwa anayehitaji mionzi mara nyingi anaishia hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, pamoja na ndugu wa kumsindikiza, nauli, na mahali pa kulala kwa wiki kadhaa. Faraja ya uongo kutoka kwenye simu inamchelewesha mtu kuliko kutokuwa na simu kabisa, kwa sababu aliyeambiwa na mashine kwamba yuko salama hana tena sababu ya kuuliza.

Picha za kuifundisha tunaweza kuzipata wenyewe. Mwaka 2024 ulitolewa mkusanyiko wa picha za magonjwa ya ngozi ya watoto kutoka Madagaska, Guinea, Malawi na Tanzania. Ulihusu ukurutu, fangasi, upele na mengine ya kawaida, haukuwa wa saratani, ila umeonyesha kwamba kazi hiyo inafanyika katika mazingira haya. Mbeya ina hospitali ya rufaa ya kanda, ina kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kilichozoea tafiti kubwa za VVU na kifua kikuu, ina chuo cha tiba na ina chuo kikuu cha sayansi na teknolojia chenye vijana wa kompyuta. Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 na kinachosomesha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Hatukosi watu. Tunakosa utaratibu wa kuiunganisha picha ya kidonda na jibu la kinyama chake.

Picha isiyo na jibu la maabara haiifundishi mashine kitu, au mbaya zaidi, inaifundisha dhana za aliyepiga. Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji programu yoyote. Kila mgonjwa anayepelekwa kukatwa kinyama apigwe picha kwanza, kidonda kikiwa kimesafishwa, GV ikiwa imetoka kadiri inavyowezekana. Rula iwekwe kwenye kila picha, ya anayeshukiwa sana na ya asiyeshukiwa, ili isiwe tena ishara ya ugonjwa. Namba ya picha iwe ndiyo namba ya fomu ya maabara. Iandikwe sehemu ya mwili, muda wa kidonda, na rangi ya ngozi. Na vile vinyama vilivyorudi bila saratani vitunzwe kwa uangalifu uleule, kwa kuwa bila hivyo mashine haitajua kidonda cha kawaida cha Mnyakyusa au Mhehe kinafananaje.

Mgonjwa aombwe ridhaa kwa Kiswahili anachokielewa, au kwa lugha ya kwao ikibidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na picha ya uso wa mtu mwenye ualbino katika kijiji chenye mmoja tu ni utambulisho wake kamili hata ukifuta jina. Kwa watu ambao wamewahi kuwindwa kwa sababu ya ngozi yao, nani anashika picha hizo na zinalala kwenye kompyuta ya nchi gani ni suala la usalama wao. Mkataba wowote na kampuni ya nje useme wazi kwamba picha zinabaki mali ya hospitali na mgonjwa, na kwamba mashine itakayotokana nazo itatumika bure katika hospitali zilizozitoa.

Kisha ije hatua ya kuijaribu, na hapa wakuu wa hospitali wawe wagumu. Mashine iliyofundishwa kwa picha za Mbeya ijaribiwe kwa wagonjwa wa Njombe, Iringa na Songea ambao haijawahi kuwaona, na matokeo yaandikwe mbalimbali: ngozi nyeusi peke yake, ualbino peke yake, nyayo peke yake, Kaposi peke yake. Wastani mmoja wa jumla usikubaliwe, kwa maana asilimia 90 ya jumla inaweza kuficha asilimia 40 ya nyayo.